Mnara wa Taa wa Chumbe

Sisi tuliozaliwa Uganda, mbali na bahari, tumezoea kuiona taa kuwa ni kitu cha nyumbani: ya kusomea, ya kupikia, ya kumpokelea mgeni aliyechelewa njiani. Hata wavuvi wa ziwa letu hutoka na taa usiku ili mukene wavutwe na mwanga, wakusanyike karibu na nyavu. Lakini iko taa nyingine ambayo kazi yake si kuvuta bali ni kuonya. Taa hiyo huwekwa juu ya mnara kando ya bahari, nayo huwaambia manahodha kwamba hapa pana mwamba, wakae mbali. Katika likizo ya Desemba nilibahatika kuuona mmoja wa minara hiyo, nami napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wa sasa na wa zamani, jinsi unavyofanya kazi.

Tulisafiri watu sita: baba, mama, babu mzaa baba, wadogo zangu wawili, na mimi. Tulitoka Kampala kwa basi, tukapita Nairobi na Arusha mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko tukavuka kwa meli hadi Unguja, ambako shangazi yangu ameolewa. Babu ni mzee sana na mguu wake wa kushoto ni mbovu tangu zamani. Baba alimshauri abaki nyumbani, lakini alikataa. Alisema amevua samaki katika ziwa miaka arobaini, na hawezi kufa bila kuiona bahari yenyewe.

Siku ya tatu shangazi alitupeleka Mbweni, tukapanda mashua kwenda kisiwa cha Chumbe. Safari ilichukua kama dakika arobaini na tano. Kisiwa chenyewe ni kidogo: urefu wake ni kama kilometa moja, na upana kama meta 300. Chote ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na msitu. Hakuna mto wala kisima cha maji matamu. Maji ya kutumia hukingwa wakati wa mvua. Katikati ya miti hiyo unasimama mnara wa mawe ambao Waingereza waliujenga mwaka 1904. Karibu nao iko nyumba iliyokuwa ya mlinzi wa taa, na msikiti mdogo aliokuwa akisali.

Kwa nini mnara ukajengwa mahali pasipokaa watu? Jawabu liko chini ya maji. Upande wa magharibi wa kisiwa uko mwamba wa matumbawe, na kando ya mwamba huo ndipo ipitapo njia ya meli ziendazo kati ya Unguja na Dar es Salaam. Mchana nahodha huona rangi ya maji ikigeuka, akajua kina kimepungua. Usiku rangi zote ni moja. Kijana wa kisiwani aliyetuongoza alisema kwamba mwamba hauna sauti mpaka uguswe, na ukisha kuguswa umechelewa kuusikia.

Tulipofika mlangoni babu aliutazama mguu wake, akaketi chini ya mti. Akaniambia, "Nenda wewe, mjukuu wangu. Ukishuka utanieleza yote." Basi tukaanza kupanda. Ngazi ni zaidi ya mia moja, nazo zinazunguka ndani ya mnara. Wadogo zangu walihesabu kwa sauti, kila mmoja akapata hesabu yake, wakagombana mpaka tulipofika juu.

Huko juu nilifahamu jambo la kwanza, yaani sababu ya mnara kuwa mrefu. Dunia ni mviringo, kwa hiyo bahari hujikunja mbele ya macho yetu. Mtu ambaye macho yake yako meta 2 juu ya maji huona umbali wa kilometa 5 tu. Zaidi ya hapo bahari imekwisha kuteremka. Lakini taa iliyo juu meta 30 huweza kutupa mwanga wake karibu kilometa 20 kabla haujazuiwa na mkunjo huo. Tena baharia naye akiwa juu ya sitaha ya meli, huiona kutoka mbali zaidi. Watu wa kale walilijua jambo hili. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo mnara mkubwa sana ulijengwa huko Misri, katika kisiwa cha Pharos mbele ya mji wa Aleksandria. Uliwaongoza mabaharia kwa karne nyingi, mpaka matetemeko ya nchi yalipouangusha. Jina la kisiwa hicho halikufa: Wafaransa hata leo huuita mnara wa taa "phare".

Lakini urefu peke yake hautoshi. Ukiwasha taa ya chumbani, mwanga wake huenda juu, chini na pande zote, na sehemu kubwa hupotea bure mawinguni. Mtu aliyelitatua jambo hili ni Mfaransa, Augustin Fresnel, aliyezaliwa mwaka 1788. Ilijulikana kwamba lenzi, yaani kioo kinene katikati na chembamba pembeni, huweza kuukusanya mwanga na kuutupa upande mmoja. Shida ilikuwa kwamba lenzi ya kutosha mnara ingekuwa nene na nzito mno, na unene wake ungekula mwanga. Fresnel alifahamu kuwa kazi ya kuukunja mwanga hufanywa na uso wa kioo, si unene wake. Kwa hiyo alikikata kioo kuwa pete nyingi nyembamba, akazipanga moja ndani ya nyingine, kila pete na pembe yake. Lenzi yake iliwashwa katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Tangu hapo moto mdogo uliweza kuonekana mbali sana.

Ilibaki shida ya tatu, nayo ni mtu wa kuiwasha taa. Zamani mlinzi hakuwa na usiku wa kulala. Alipaswa kupandisha mafuta ngazi zote, kukata utambi, kufuta vioo masizi, na kukesha. Akiugua, au akisinzia, watu wa melini walikuwa hatarini. Kazi hiyo ilipunguzwa uzito na mhandisi wa Sweden, Gustaf Dalén. Yeye alitumia gesi ya asetilini, ile ile ambayo mafundi wetu huchomelea vyuma. Gesi hiyo ina mwanga mkali, lakini ikishindiliwa hulipuka upesi. Dalén aliijaza mitungi kitu chenye matundu madogo madogo mfano wa sifongo, kilicholowa asetoni, na gesi ikayeyuka humo ikatulia.

Kisha, mwaka 1907, akabuni kifaa kilichowashangaza watu wengi, cha kuiwasha taa jioni na kuizima asubuhi bila mkono wa mtu. Ndani yake mna fimbo moja nyeusi iliyozungukwa na fimbo nyingine zinazong'aa. Kukicha, fimbo nyeusi hunywa mwanga wa jua, ikapata joto na kurefuka kidogo kuliko wenzake, ikabonyeza mlango wa gesi ukafunga. Jua likichwa, hurudi urefu wake wa kwanza, mlango ukafunguka, na gesi ikashika moto kutoka katika mwali mdogo usiozimika. Usiku ukiwa wa joto haidhuru, maana fimbo zote hurefuka sawasawa na mlango hausogei. Taa ya Chumbe ilifungiwa vyombo vya gesi mwaka 1926.

Yaliyompata Dalén mwenyewe ni ya kuhuzunisha. Mwaka 1912, alipokuwa akijaribu mitungi ya gesi, ulitokea mlipuko uliompofusha macho yote mawili. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa ajili ya taa zake, na ndugu yake, aliyekuwa daktari wa macho, ndiye aliyekwenda kuipokea. Dalén hakuacha kazi. Aliiongoza kampuni yake akiwa kipofu mpaka alipokufa mwaka 1937. Mwanga ambao hakuweza kuuona tena uliendelea kuwaonyesha wengine njia.

Niliposhuka nilimkuta babu akichora kwa fimbo yake mchangani. Nikaketi karibu naye nikamweleza yote: dunia ilivyojikunja, pete za kioo, fimbo nyeusi. Alinisikiliza kimya. Mwisho nikamweleza jambo ambalo mimi niliona ni dogo, kwamba kila mnara una namna yake ya kuwaka. Mmoja huwaka mara moja na kutulia sekunde kadhaa. Mwingine huwaka mara mbili kwa haraka kisha ukatulia. Mwingine hutoa mwanga mwekundu. Namna hizo zimeandikwa katika ramani za bahari. Nahodha akiona mwanga hatoshiki kusema, "Naona taa". Huhesabu sekunde, akatazama ramani, akajua ni taa ipi.

Hapo babu aliinua kichwa. Akauliza, "Yaani hawezi kuidhania taa hii kuwa ni ile?"

Nikamjibu, "Akihesabu vizuri, hawezi, Babu."

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mguu huu ulivunjika kwa sababu hiyo."

Ndipo akanisimulia. Alipokuwa kijana, marehemu bibi alikuwa akitundika taa ya chemni kwenye mti mwaloni kwetu kila usiku ambao babu alikuwa ziwani. Usiku mmoja mafuta ya taa yaliisha, na duka lilikuwa limefungwa. Babu hakujua. Aliporudi aliona mwanga ukingoni, akaufuata kwa moyo mweupe. Kumbe ulikuwa moto wa watu waliokuwa wakibanika samaki, mbali na mwalo wetu, mahali penye mawe. Mtumbwi ulipasuka, na mguu wake ukabanwa kati ya ubao na jiwe.

Alisema, "Nisingaliona mwanga wo wote, ningalikaa majini mpaka kukicha. Giza halikunidanganya. Taa isiyo yangu ndiyo iliyonidanganya."

Nikamwuliza bibi alisema nini. Babu akajibu, "Nilimwambia ni upepo. Alikuwa akiitundika taa ile miaka yote bila kukosa, akakosa siku moja tu. Ningalimwambia kweli, angaliubeba mguu wangu mpaka kaburini." Mimi ndimi mtu wa kwanza kuyasikia maneno hayo. Nimeyaandika hapa kwa ruhusa yake.

Tangu siku hiyo nauona mnara kwa namna nyingine. Mwanzo nilidhani sifa yake ni ukali wa mwanga. Sasa nafahamu kwamba ukali ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwaka kila usiku, mahali pale pale, kwa namna ile ile, hata usiku ambao hakuna chombo kinachopita. Nahodha hamjui mlinzi, wala mlinzi hamjui nahodha, lakini mmoja amemwamini mwenzake maisha yake.

Mchana tulipelekwa kuutazama mwamba. Tulivaa miwani ya maji, tukalala kifudifudi juu ya bahari, na chini yetu tukaona matumbawe ya namna nyingi na samaki wa rangi nisizozijua majina. Kiongozi wetu alituambia kwamba kwa muda mrefu uvuvi ulikatazwa upande ule, maana mashua ndogo zingeizuia njia ya meli, na tena jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya kulenga shabaha kutoka pwani ya jirani. Kwa hiyo mwamba ukasalimika, na mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikaufanya kuwa hifadhi. Wavuvi wa vijiji vya jirani wakafundishwa kazi ya kuulinda. Basi mnara uliojengwa ili meli ziokoke na mwamba, leo umesimama mahali ambapo mwamba nao umeokoka na watu.

Wasomaji wapenzi, mkijaliwa kufika Unguja, nendeni Chumbe mkapande ngazi zile, mkatuletee hesabu ya kweli ili wadogo zangu waache kugombana. Na wale wenye jamaa wanaovua usiku katika ziwa letu, waulizeni wanarudije nyumbani, na ni nani anayewawekea taa. Mimi nilikaa na babu miaka kumi na sita bila kumwuliza mguu wake umepatwa na nini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu