Bendi Moja Maisha Yote

Tangu nikubali kuwa mlezi wa kikundi cha muziki cha shule yetu, nimeulizwa mambo mawili mara nyingi. Wanafunzi huniuliza kwa nini nimekuwa shabiki wa bendi moja tu, yaani Msondo Ngoma, tangu utotoni hata sasa mvi zimeanza kuonekana. Wazazi nao huniuliza kama bendi ya dansi ina la kumfunza mtoto zaidi ya ulevi na kukesha. Nitajaribu kuyajibu maswali yote mawili pamoja, maana yanakaribiana.

Kwanza yafaa tuijue bendi yenyewe. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, ikaitwa NUTA Jazz, kwa sababu mwenye bendi alikuwa chama cha wafanyakazi kilichoitwa NUTA. Neno hilo la Jazz lisiwapoteze. Siku zile bendi nyingi za dansi zilijiita hivyo, ingawa muziki wao ulikuwa na asili ya rumba ya Kuba na ya Kongo, ukachanganywa na mapigo ya ngoma za kwetu. Wanamuziki wa NUTA walikuwa waajiriwa wa chama, wakipokea mshahara kama karani au fundi apokeavyo wake. Chama kilipobadilika, bendi nayo ilibadili jina: ikawa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, na OTTU Jazz katika miaka ya 1990. Baadaye ikasimama peke yake kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma ndefu ya jadi, nayo hujulikana sana huko pwani.

Mimi niliijua bendi hii mwaka 1978, nikiwa darasa la tatu. Nyumbani kwetu hapakuwa na redio, lakini baba mdogo, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa nayo. Miaka ile nyimbo nyingi za bendi zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na redio ndiyo iliyozifikisha kwetu mikoani. Baba mdogo alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Alipenda kusema kwamba katika magitaa yale zimo senti zake, kwa kuwa ada yake ya chama ndiyo iliyoyanunua. Nilimsadiki kabisa, nikaiona bendi kama mali ya nyumbani.

Mwaka huo huo lilitokea jambo lililowagawa mashabiki. Mwimbaji mkubwa Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwamo katika bendi tangu miaka yake ya mwanzo, aliondoka na kwenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, ambayo mtindo wake uliitwa Sikinde. Baba mdogo akahama naye siku ile ile. Mimi nikabaki JUWATA. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na pande mbili, mfano wa Simba na Yanga. Yeye alisema bendi ni mwimbaji; akiondoka mwimbaji, kilichobaki ni vyombo tu. Mimi kwa utoto wangu sikuwa na maneno ya kumjibu, ila nilijua kwamba nikisikia magitaa yale nilikuwa nikiyatambua kabla mtu hajafungua kinywa kuimba.

Leo naweza kueleza nilichokuwa nakisikia. Katika bendi ya dansi gitaa halipigwi peke yake. Liko gitaa la solo, ambalo hupiga sauti za juu na kuongoza. Liko gitaa la kati, ambalo hurudia pigo lile lile kwa uaminifu ili wengine wapate pa kusimama. Liko besi, ambalo huzungumza na miguu ya wachezaji. Kila moja hupiga sehemu ndogo tu, na sehemu hizo hupishana kama nyuzi za ukili. Ukilisikiliza moja peke yake waweza kudhani mpigaji ni mvivu. Ukiyasikiliza yote pamoja ndipo unaposikia wimbo. Juu yake huja tarumbeta na saksofoni, na chini yake ngoma na tumba.

Wimbo nao una mpango wake. Sehemu ya kwanza huenda polepole, nayo ni ya maneno. Mwimbaji husimulia kisa cha ndoa, deni, msiba au urafiki uliovunjika, na wenzake huitikia. Watu husikiliza huku wakicheza taratibu. Kisha pigo hubadilika na maneno hupungua. Magitaa hushika kasi, tarumbeta huitana, na waliokuwa wamekaa vitini huinuka. Wanamuziki huiita sehemu hii chemko, na jina linajieleza. Bendi mbili zaweza kuwa na vyombo vile vile, lakini jinsi kila moja inavyoingia katika chemko ndiyo hutofautisha Msondo na Sikinde. Huo ndio mtindo, nao si mali ya mtu mmoja. Mgeni akiingia katika bendi hana budi kujifunza.

Ushahidi uko katika maisha ya bendi yenyewe. Mpiga solo Said Mabera aliingia mwaka 1973 akadumu humo kwa miongo mingi, wakati waimbaji wakija na kuondoka. Gurumo mwenyewe alitoka Mlimani Park mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, na katika miaka ya 1990 alikuwa amerudi katika bendi aliyoiacha. Baba mdogo akarudi naye, wala hakuniomba radhi. Mwaka 2006 alifariki mwimbaji TX Moshi William, ambaye kwa vijana wengi wa wakati ule ndiye aliyekuwa sauti ya Msondo. Mwaka 2014 akafariki Gurumo. Mara zote mbili nilisikia watu wakisema kwamba bendi imekwisha, na mara zote mbili bendi ilipanda jukwaani tena.

Basi, wanafunzi, hilo ndilo jibu langu. Ninachokipenda ni kazi ya watu wengi ambao kila mmoja alikubali kupiga sehemu yake ndogo, akawaachia wengine waliokuja baada yake. Ningalimpenda mtu mmoja, mapenzi yangu yangalizikwa pamoja naye.

Lakini kupenda kuna gharama. Wengi wetu huimba methali isemayo, mcheza kwao hutunzwa, bila kufikiri maana yake. Kutunza ni kumwendea mchezaji au mwimbaji pale pale anapofanya kazi na kumpa fedha. Tangu mshahara wa chama ulipokoma, bendi kama hii imetegemea kiingilio cha mlangoni, mialiko na mauzo ya nyimbo. Mtu anayenakili nyimbo bure, kisha akajiita shabiki, hufanana na mgeni anayesifu chakula huku akiondoka na sahani. Sheria ya hakimiliki tunayo, ile ya mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila nyumba. Mimi hulipa kiingilio kila niendapo Dar es Salaam wakati wa likizo, hata kama namjua mshika mlango.

Sasa nigeukie wazazi. Sikatai kwamba dansi hupigwa mahali penye pombe, wala sikatai kwamba wako wanamuziki walioharibikiwa. Lakini tazameni kazi yenyewe inadai nini. Mpiga gitaa la kati akitaka kusikika kuliko wengine, wimbo huharibika. Mpiga ngoma akichelewa nusu ya pigo, wote hujikwaa. Mtoto anayejifunza kusubiri zamu yake, kumsikiliza mwenzake na kurudia jambo moja mpaka liwe sawa, hujifunza jambo litakalomfaa karakanani, ofisini na shambani.

Kikundi chetu kina wanafunzi kumi na mmoja. Hukutana Jumamosi saa nane mchana katika bwalo, na saa kumi na moja huwa tumekwisha funga mlango. Tuna magitaa mawili, na moja lina nyuzi nne tu. Mzazi yeyote mwenye wasiwasi anakaribishwa aje akae, asikilize, kisha aamue mwenyewe. Na mwenye gitaa bovu nyumbani alilete, fundi tunaye.