KABLA HUJASHUSHA GARI: SOMO LA KOILOVA

Wenzangu darasani huniuliza mbona kucha zangu ni nyeusi kila Jumatatu. Jibu ni rahisi: Jumamosi huwa niko gereji ya mjomba, hapa mjini Kitui, nikimshikia spana. Vijana wengi wanaotuletea magari siku hizi huulizia kitu kimoja: koilova. Wengi huitamani bila kuijua. Mimi pia niliitamani, hadi iliponitia adabu. Hebu niwaeleze.

Kwanza tujue gari linakalia nini. Springi hubeba uzito, nayo shokamzoba huituliza springi isiendelee kurukaruka. Ndani ya shokamzoba mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na nguvu ya mruko hugeuka joto. Katika magari mengi madogo, viwili hivi huunganishwa kuwa nguzo moja. Mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, ndiye aliyebuni nguzo hiyo, na kampuni ya Ford ya Uingereza ikaitumia katika gari la Consul mwaka 1950. Subaru Impreza za mwaka 2004, zile zinazopendwa sana na vijana, zina nguzo kama hizo kwenye magurudumu yote manne.

Koilova ni nguzo hiyo hiyo, ila mwili wake umechongwa hesi kama bolti. Springi hukalia ringi inayozungushwa. Ukiipandisha ringi, gari huinuka. Ukiishusha, gari hushuka. Chini yake kuna ringi ya pili ya kuifunga ile ya kwanza isizunguke yenyewe. Ikumbukeni ringi hii ya pili, maana nitairudia. Koilova nyingi pia zina kitufe cha kukaza au kulegeza shokamzoba, nacho hulia tik, tik kikizungushwa.

Sasa turudi kwenye Fizikia ya kidato cha pili. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hujikunja kulingana na uzito inaobebeshwa. Tuseme pembe moja ya gari ina uzito wa kilo 240. Springi laini inayohitaji kilo 3 ili ijikunje milimita 1 itashuka milimita 80. Springi ya koilova inayohitaji kilo 8 itashuka milimita 30 tu. Ndiyo maana gari lenye koilova halilali sana kwenye kona, lakini ndiyo maana pia mgongo wa abiria huhesabu kila jiwe! Wengi hudhani kuzungusha ringi kunaifanya springi kuwa ngumu. La hasha! Ugumu umo katika waya wa springi yenyewe: unene wake, upana wa duara na idadi ya mizunguko.

Kazi ya kufunga huenda hivi. Gari huegeshwa mahali tambarare na magurudumu yasiyoinuliwa huzuiwa kwa mawe. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo kabla ya jeki kupanda. Gari likishainuka huwekewa stendi, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa asilani. Kisha tunaachanisha mpira wa breki na waya uliofungwa kwenye nguzo, tunafungua bolti mbili za chini, halafu nati ndogo za juu. Ile nati kubwa ya katikati haiguswi! Ndiyo inayoishikilia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa bila vibano springi huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Nguzo nzima ikitoka, koilova huingia mahali pake. Kila bolti hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, si kwa kubahatisha.

Baada ya kufunga ndipo kazi yenyewe huanza. Gari hushushwa, husukumwa mbele na nyuma kidogo ili likae sawa, kisha hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madgadi. Kushoto na kulia lazima zilingane. Kwa kile kitufe, unakifunga hadi mwisho bila kukilazimisha, halafu unarudi nyuma ukihesabu milio, idadi ile ile pande zote mbili. Mwisho gari hupelekwa alainimenti, kwa sababu urefu ukibadilika magurudumu nayo hubadilisha mwelekeo na kuanza kula taya.

Mimi nilikosea wapi? Jumamosi moja mjomba alinipa gurudumu la nyuma kushoto nilimalizie peke yangu. Nilipima vizuri, nikahesabu milio vizuri, nikafurahi kuitwa fundi. Ile ringi ya pili niliikaza kwa mkono tu, nikasema nitachukua spana yake baadaye. Baadaye haikufika. Mteja, kijana wa mtaani kwetu, alimbeba mamake kwenda Wote, ng'ambo ya Mto Athi. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, ringi ilizunguka kidogo kidogo ikashuka. Gari likainama upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi, taya ikaanza kusugua madgadi. Alipofunga breki, gari lilivuta kando. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa akienda polepole.

Aliporudi, yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ni wewe uliyefunga hapa?" Nikasema ndiyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba naye hakupaza sauti. Alinipa chaki, akaniamuru niandike ukutani: imepimwa, imehesabiwa, imefungwa, imekaguliwa. Tangu siku hiyo gari halitoki mpaka kila gurudumu liwe na alama nne, na mteja hurudi baada ya siku chache ili tukague tena.

Je, koilova zinafaa huku kwetu? Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo ina lami nzuri, na gari lenye koilova hutulia huko. Lakini wengi wetu tunaishi mbali na lami. Gari likishushwa, nafasi ya springi kujikunja hupungua, na kwenye drifti ya mto mkavu tumbo la gari hugonga mawe. Barabara ya bati nayo huyachemsha mafuta ya shokamzoba yakafanya povu, ikawa kama haipo. Vumbi na tope huganda kwenye hesi, ringi zisizunguke tena, kwa hiyo sharti zisafishwe mara kwa mara. Ushauri wa mjomba ni huu: usishushe sana, usikaze kitufe hadi mwisho, na kama kazi ya gari ni kubeba magunia ya ndengu na kreti za maembe, baki na springi zake za kawaida.

Wenzangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa ringi moja isiyokazwa. Mama yule bado hunipitia njiani akinisalimu kwa jina la "Fundi". Nami kila ninapoitikia, najiuliza kama leo nimekaza zote.