Pamba na Ziwa: Nguzo Mbili za Uchumi wa Nassa

Eneo la Nassa lipo Busega, wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayopakana na Ziwa Victoria. Wilaya nyingine za mkoa huo, yaani Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, hazifiki ziwani. Mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012, Busega ilimegwa kutoka Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na hivyo kuipatia Simiyu mwambao wake.

Uchumi wa mwambao huo unabebwa na nguzo mbili. Ya kwanza ni pamba, zao ambalo Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kulizalisha nchini. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Kwa hiyo, kaya hupata fedha za zao hilo mara moja kwa mwaka, na mvua zikiwa haba fedha hizo hupungua.

Nguzo ya pili ni uvuvi. Dagaa, sato na sangara huingiza kipato hata katika miezi ambayo shamba halijalipa. Ndiyo maana matumizi ya kokoro na nyavu zenye matundu madogo si uvunjaji wa sheria pekee. Samaki wachanga wanapovuliwa, kaya hupoteza akiba ambayo ingelipia chakula na mahitaji ya shule mwaka ambao pamba imeshindwa.

Ukuaji wa kipato unategemea pia kuongeza thamani. Pamba mbegu inapochambuliwa, takriban theluthi moja tu huwa nyuzi; sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta ya kula na kuacha mashudu ya kulisha mifugo. Shughuli hizo zikifanyika karibu na shamba, ajira na sehemu ya faida hubaki wilayani. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, inayopita Busega, hurahisisha kufikisha bidhaa sokoni.

Mkulima naye ana wajibu wake. Pamba iliyochanganywa na maji au mchanga hushusha ubora, na hasara humrudia yeye mwenyewe. Anashauriwa kuchuma pamba iliyokauka, kutenganisha safi na chafu, kuuza kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, kushuhudia mzigo wake ukipimwa na kudai stakabadhi kabla ya kuondoka.