Maziwa Yanapomkataa Mtoto

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu kulea watoto huku ughaibuni, na muda ukatuishia kabla hatujafika kwenye maziwa. Basi nimeona niandike, maana wengi wetu ndio wakalimani wa ukoo. Daktari anaongea Kiingereza, Bibi anaongea Kiswahili, na katikati uko wewe na simu yako. Ukikosa neno moja tu, mtoto ndiye anayeumia.

Dada yangu anaishi hapa Uingereza kama mimi, na ana mtoto wa kiume. Mtoto alipokuwa na miezi tisa alishikwa na virusi vya tumbo, akatapika na kuharisha siku nne. Homa ikaondoka, kutapika kukaisha, lakini kuharisha hakukukoma. Kila akinywa chupa ya maziwa ya kopo, tumbo linajaa gesi na kunguruma, analia huku amekunja miguu, halafu choo kinatoka majimaji, kina povu na harufu ya uchachu. Ngozi ya makalio ikawa nyekundu, kumbadilisha nepi ikawa vita.

Kwenye grupu la familia ushauri ukamiminika. Bibi, aliyeko Tanga, akatuma sauti: "Maziwa yamemkataa huyo, yapumzisheni." Mjomba wa Dubai akasema ni aleji, asiyaguse tena maisha yake yote. Mama mkubwa akamwambia dada aache kunyonyesha kabisa, eti maziwa yake yameharibika. Dada alikuwa hajalala siku tatu, na alikaribia kukubali. Kilichomzuia ni nesi wa watoto anayepita majumbani, aliyemwambia kwanza: endelea kunyonyesha.

Kukataa kwa namna mbili

Neno la Bibi ni zuri, na alichokiona alikiona sawasawa. Ila "kukataa" kunabeba mambo mawili tofauti, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa. Sukari hiyo inaitwa laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba lazima utoe kimeng'enya kinachoitwa laktesi, ambacho kazi yake ni kuikata laktosi vipande viwili. Kimeng'enya kikipungua, sukari inapita nzima mpaka utumbo mpana. Huko inavuta maji, na bakteria wanaichachusha. Ndiyo hiyo gesi, povu, uchachu na kuharisha. Inasumbua, lakini si hatari kama mtoto anapata maji ya kutosha na anaongezeka uzito.

La pili ni mzio, au aleji. Hapa tatizo si sukari, ni protini ya maziwa. Kinga ya mwili inaiona protini hiyo kama adui. Dalili zake zinaweza kuwa vipele vinavyowasha, ukurutu usiopona, kutapika, damu au ute kwenye choo. Mdomo au uso ukivimba, au mtoto akishindwa kupumua vizuri, piga 999 hapo hapo.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa hivyo? Kwa sababu maziwa yasiyo na laktosi bado yana protini. Ukimpa mtoto mwenye mzio, hujamsaidia kitu. Na ukimnyima maziwa kwa miaka mtoto ambaye utumbo wake ulihitaji wiki chache tu kupona, umemkosesha chakula bure.

Kwa mpwa wangu ilikuwa nini?

Daktari alieleza hivi: virusi vilikwangua ukuta wa utumbo mwembamba, na laktesi hutengenezwa hapo hapo kwenye ukuta. Ukuta ukipona, kimeng'enya kinarudi. Kwa kawaida inachukua siku chache hadi wiki kadhaa. Alipewa maziwa ya kopo yasiyo na laktosi, dada akaendelea kumnyonyesha, na nafuu ikaonekana ndani ya siku chache. Baada ya wiki sita wakaanza kumrudishia maziwa ya kawaida kidogo kidogo. Yakakaa.

Na ile habari ya maziwa ya mama kuharibika? Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe: kama gramu 7 kwa kila mililita 100, wakati ya ng'ombe yana karibu 5. Mwili wa mama wenyewe ndio unaoitengeneza, kwa hiyo mama akiacha chai ya maziwa, laktosi kwenye ziwa lake haipungui. Hata hivyo maziwa yake yana kinga, na mara nyingi mtoto huendelea kunyonya huku anapona.

Wapo watoto wengine pia. Mtoto njiti anaweza kuwa na laktesi kidogo mwanzoni, kwa kuwa kimeng'enya hiki huongezeka mwishoni mwa ujauzito. Kuzaliwa bila laktesi kabisa kupo, lakini ni nadra sana. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka miwili akishindwa laktosi, daktari hutafuta kwanza kilichoujeruhi utumbo.

Na sisi wakubwa?

Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani laktesi yao hupungua baada ya utoto. Kwa hiyo ukiona mtoto wa miaka mitano au sita anaanza kushika tumbo baada ya bakuli la nafaka na maziwa, huenda mwili wake unafuata njia ya kawaida ya binadamu. Si ugonjwa, wala si kudeka.

Wanaoendelea kuyaweza maziwa ukubwani wamerithi badiliko kwenye jeni. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe, yaliyotokea mbali na lile la Wazungu. Yaani ndani ya ukoo mmoja wenye damu ya pwani na ya bara, mmoja anakunywa glasi nzima ya maziwa, na nduguye anaumwa tumbo kwa nusu glasi.

Jikoni

Hapa ndipo chakula chetu kinapotusaidia. Tui la nazi halina laktosi hata chembe. Wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, vitumbua vya mchele na tui, vyote mtoto anakula. Ila tui si mbadala wa maziwa ya kunywa kwa mtoto mchanga, halina kalisi wala protini ya kutosha.

Mtindi mara nyingi unavumilika, kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi. Jibini ngumu kama Cheddar ina laktosi kidogo sana, na samli hali kadhalika. Soma vibandiko vya biskuti, mikate na supu za pakiti, maana unga wa maziwa hujificha humo.

Kalisi itoke kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki, na ufuta uliosagwa ukachanganywa kwenye uji. Mchicha unayo, lakini mwili unaipata kidogo. Na kwa jua la huku, watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanashauriwa kupata mikrogramu 10 za vitamini D kila siku.

Vinywaji vya mchele vya dukani hapa Uingereza havishauriwi kwa watoto wa chini ya miaka 5, kwa sababu ya arseniki. Maziwa ya kopo ya soya kwa mtoto wa chini ya miezi 6 yasubiri neno la daktari.

Usingoje wiki kama mtoto hakojoi, analia bila machozi, utosi umebonyea, amelegea, au choo kina damu. Siku hiyo hiyo apelekwe.

Maneno ya kumwambia Bibi

Msikilizaji mmoja aliwahi kuniambia anaelewa kila kitu kwa daktari, ila akimpigia bibi yake ulimi unakuwa mzito. Basi chukua haya:

"Shikamoo Bibi. Ni kweli maziwa yamemkataa, lakini si mzio. Tumbo lake lilichubuka alipoharisha, sasa haliwezi kusaga sukari ya maziwa. Litapona. Ziwa la mama anaendelea nalo, na daktari ametupa maziwa mengine ya muda."

Bibi yetu alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza: "Na uji anakula?" Anakula, Bibi. "Basi mwekeeni ufuta."