Tarab si Jina la Muziki

Msemaji wa Kiswahili akisikia neno tarab, fikra humwendea taarab: udi, kanuni, fidla na mwimbaji aliyependeza. Katika Kiarabu, neno hili halitaji ala wala mahadhi. Hutaja linalompata mtu anaposikiliza. Ibn Manzur, katika kamusi yake ya karne ya 13, Lisan al-Arab, anaeleza kuwa ni wepesi unaomvaa mtu kwa wingi wa furaha, au kwa wingi wa huzuni. Hapo ndipo penye utamu wake: wimbo mmoja waweza kumtoa mtu tabasamu na machozi, na neno lenyewe halizitengi hali hizo.

Mwimbaji huitwa mutrib, na mwanamke mutriba, yaani mwenye kuwatia wengine tarab. Sauti nzuri peke yake haitoshi kumpa mtu sifa hiyo. Msikilize Umm Kulthum wa Misri. Kwa miongo kadhaa redio ya Cairo ilirusha tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na wimbo kama Enta Omri, ambao Mohamed Abdel Wahab aliutungia muziki mwaka 1964, ulimchukua muda mrefu jukwaani kwa sababu mstari mmoja aliurudia tena na tena, kila mara kwa pambo jipya. Waliomfanya arudie ni wasikilizaji. Walipaza sauti, "Allah!", wakamsihi, naye akawapa mstari uleule kwa ladha nyingine.

Wasikilizaji wajuzi wa namna hii huitwa sammi'a, na mji wa Aleppo nchini Syria umesifika kwao. Wanayajua maqam, ile mipangilio ya sauti ambayo muziki wa Kiarabu hujengwa juu yake. Hutambua mwimbaji anapohama maqam moja kwenda nyingine, na hushangilia anapotua vizuri kwenye qafla, kituo cha kifungu. Ndiyo maana waimbaji wengi huona studio kuwa mahali pagumu kuleta tarab, maana hakuna wa kuwajibu.

Zanzibar, muziki wa taarab unahusishwa na enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyeupenda muziki wa Misri. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kikaanzishwa mwaka 1905, na mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad akarekodi nyimbo za Kiswahili huko Bombay. Jina likahamia kwenye muziki, lakini hali ile haikupotea. Anayeguswa na ubeti huinuka, akajongea taratibu kwa mwendo wa ngoma hadi kwa mwimbaji, akamtunza. Kwa maoni yangu, tofauti iko kwenye maneno: mtunzaji wa pwani mara nyingi huinuka kwa sababu ya fumbo linalomhusu, ilhali msikilizaji wa Cairo aliweza kuzimia kwa sauti ya silabi moja.

Ukitaka kuijua tarab, tafuta rekodi ya Umm Kulthum iliyofanywa ukumbini, mbele ya watu, na usiziruke kelele zao.