Kwa nini pasi za Harambee Stars hufia njiani

IJUMAA ya Agosti 22, 2025, Madagascar ilipoibandua Kenya kwa penalti 4-3 uwanjani Kasarani, baada ya sare ya 1-1 katika robo-fainali ya kipute cha CHAN, simanzi haikukomea Nairobi. Ilivuka daraja la Mto Tana ikafika Garissa, ikaendelea hadi Wajir na Mandera, maeneo ambayo huipa Harambee Stars mashabiki wengi na wachezaji wachache mno.

Lawama za siku zilizofuata ziliwaangukia waliokosa penalti. Shabiki wa Garissa aliyeifuatilia timu hiyo kwa miaka mingi, na ambaye subira yake imekaribia kwisha, ana hesabu nyingine. Kwake, swali si nani alikosa mkwaju. Swali ni kwa nini timu iliyokuwa nyumbani, ikitangulia kwa bao 1-0 dhidi ya kisiwa kisicho na sifa kubwa ya kandanda barani, haikuweza kulishika gozi, kulizungusha na kuutuliza mchezo hadi kipenga cha mwisho.

Hasira hiyo ina msingi. Katika mechi nne za makundi, vijana wa mkufunzi Benni McCarthy waliilaza DR Congo 1-0, wakatoka 1-1 na Angola, wakazipiga Morocco na Zambia 1-0 kila mmoja. Walipata pointi 10 na kuongoza kundi ambalo wengi waliliona kuwa kaburi lao. Dhidi ya Angola na pia Morocco walimaliza wakiwa wachezaji 10 baada ya kuonyeshwa kadi nyekundu. Huo ulikuwa ushujaa, na hakuna haja ya kuupunguza.

Lakini ushujaa wa kuzuia si ustadi wa kucheza. Mabao manne katika mechi nne ni machache, na moja kati yake lilikuwa la penalti. Bao la tano, lile la kuitangulia Madagascar, lilifungwa na beki, Alphonce Omija. Furaha ya kushinda ilikifunika kile ambacho shabiki alikuwa akikiona tangu zamani: Stars hukaba vizuri, hukimbia vizuri, kisha humpokonya mpinzani mpira na kumrudishia baada ya pasi mbili au tatu.

Ilipofika Septemba 5 mwaka huo, Gambia iliwanyuka 3-1 papo hapo Kasarani katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Novemba 18, mjini Antalya, Uturuki, Senegal iliwatandika 8-0 katika mchuano wa kirafiki. Kichapo cha mabao manane hakielezwi kwa bahati mbaya.

Ili kuelewa kinachokosekana, ni vyema kuutazama mchezo wa pasi kama mnyororo. Pete ya kwanza ni mabeki na kipa, ambao lazima waanzishe mpira chini badala ya kuupiga juu ovyo. Ya pili ni kiungo anayeupokea akiwa na adui mgongoni, akageuka na kutazama mbele. Ya tatu ni mchezeshaji, mtoaji wa ile pasi inayopenya kati ya mabeki. Ya nne ni mshambuliaji, ambaye kazi yake huwa rahisi tu pale hizo tatu zilipofanya kazi yao.

Kwa pete ya kwanza, shabiki huyo hana ugomvi mkubwa. Joseph Okumu, aliyejiunga na Reims ya Ufaransa mwaka wa 2023, ni beki mwenye utulivu ambaye hutazama kabla ya kupiga. Tatizo ni pale anapokosekana, kwa jeraha au kwa sababu ya kanuni kama ile ya CHAN, ambayo huruhusu tu wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Hapo mpira huanza kusafiri angani, na timu yenye viungo wafupi hubaki ikitazama juu kama watu wanaongojea mwezi uandame.

Pete ya pili ndiyo iliyokatika, na hapa hesabu inahitaji kufanywa kwa makini zaidi.

Kwa muda mrefu Kenya haikulijua tatizo hilo. MacDonald Mariga alikuwa na nguvu na hatua ndefu zilizompeleka Inter Milan mnamo Januari 2010, msimu ambao klabu hiyo ilitwaa Ligi ya Klabu Bingwa Ulaya. Mdogo wake, Victor Wanyama, alipitia Celtic na Southampton kabla ya kusajiliwa na Tottenham Hotspur mwaka wa 2016. Wawili hao hawakuwa mabingwa wa pasi za madoido. Thamani yao ilikuwa kwamba waliweza kupewa mpira mahali pabaya, wakasukumwa, wakavutwa jezi, na bado wakautoa ukiwa salama. Wenzao walijua hivyo, kwa hiyo hawakuogopa kuwapa.

Wanyama alistaafu soka ya kimataifa mnamo Septemba 2021. Nafasi yake imejaribiwa na wengi. Anthony Akumu ana uzoefu na hukaba kwa akili, ila pasi yake nyingi huelekea kando au nyuma. Richard Odada, aliyelelewa kisoka katika akademia ya Juventus, ana umbo na mguu wa kazi hiyo, lakini kung'aa kwake katika timu ya taifa kumekuwa kwa vipindi. Duke Abuya, aliyehamia Yanga ya Tanzania mwaka wa 2024, ana mapafu ya farasi na moyo wa simba. Anapokuwa na mpira lakini, haraka humzidi.

Aliye karibu zaidi na kile kinachotafutwa ni Timothy Ouma. Kijana huyo aliyezaliwa mwaka wa 2004 alitoka Nairobi City Stars akaenda Elfsborg ya Uswidi, kisha Slavia Prague ya Czech mnamo Januari 2025. Ouma hugeuka. Neno hilo moja lina uzito: kiungo anayegeuka humlazimisha mpinzani arudi nyuma, ilhali asiyegeuka humkaribisha. Kosa la shabiki wa Kenya, na yule wa Garissa hajaepuka, ni kudai kwamba kijana awe Wanyama kabla hajawa Ouma.

Katika pete ya tatu, Kenya haijawahi kuwa maskini kabisa. Kulikuwa na Titus Mulama katika kikosi cha Jacob 'Ghost' Mulee kilichoilaza Burkina Faso 3-0 nchini Tunisia mwaka wa 2004, ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Baadaye akaja Francis Kahata na guu lake la kushoto, kisha Kenneth Muguna. Austin Odhiambo, aliyefunga dhidi ya DR Congo na Angola katika CHAN, ana jicho la pasi hizo. Mohammed Bajaber alifunga dhidi ya Gambia mnamo Machi 2025 katika sare ya 3-3 na kuonyesha ujasiri wa kuomba mpira hata timu inapolemewa. Ila mchezeshaji ni kama mpishi. Asipoletewa kuni na maji, ufundi wake hauivishi chochote.

Ndiyo sababu inakuwa dhuluma kumlaumu Michael Olunga. Huyu ndiye mshambuliaji aliyefunga mabao manane katika mechi moja akichezea Kashiwa Reysol mnamo Novemba 2019, kisha akapachika 28 na kutawazwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani mwaka wa 2020. Huko alisimama kwenye kijisanduku akaletewa. Akiwa na Stars, mara nyingi huonekana katikati ya uwanja akiufuata mpira mwenyewe, na akishaupata, anayepaswa kuwa mbele kuupokea ni yeye huyo huyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baadhi ya sababu za kukatika kwa mnyororo huu zinajulikana. Pasi ni mazoea. Huzaliwa pale watu walewale wanapocheza pamoja mara nyingi, mahali pamoja, chini ya sauti moja. Stars ilinyimwa yote matatu. FIFA iliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022, hivyo ikakosa mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023. Viwanja vya Nyayo na Kasarani vilipofungwa kwa ukarabati, mechi za 'nyumbani' za mwaka wa 2024 zilichezwa Lilongwe, Malawi, na Kampala, Uganda. Engin Firat aliondoka Desemba mwaka huo na McCarthy akachukua usukani Machi 2025.

Lakini kuna sababu iliyo chini zaidi, chini kihalisi, na ambayo mtazamaji wa Garissa huielewa kuliko yule wa jijini. Ni ardhi.

Pasi ya chini humtaka mchezaji aamini kwamba mpira utafika jinsi ulivyotumwa. Katika uwanja wa vumbi, kokoto na mchanga, imani hiyo haipo. Mpira hudunda mahali usipotarajiwa, hivyo mtoto hujifunza kuupiga kabla haujamsaliti, au kuukumbatia kwa chenga hadi apokonywe. Vyote viwili ni akili ya kujiokoa. Huko Ulaya nyasi hukatwa fupi na kumwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze kwa kasi. Kaskazini Mashariki, kwingi maji hayatoshi hata kwa watu na mifugo, na anayependekeza kuyamwagia uwanja angetazamwa kwa huruma.

Jua nalo lina sheria zake. Zipo siku ambapo joto la Garissa hupita nyuzi 35, kwa hiyo vijana huingia uwanjani baada ya swala ya alasiri na kutoka kabla ya magharibi. Dirisha hilo ni la saa mbili hivi. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, serikali iliweka kafyu ya kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Msiba wa mwaka ule ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba hakuna aliyelilia mazoezi ya kandanda. Hata hivyo kijana aliyekuwa na miaka 12 wakati huo, umri ambao mguu hujifunza kupokea mpira, alipaswa kuwa nyumbani mapema, na mechi za usiku za Ulaya akazisikia tu kwa simulizi.

Ukiongeza umbali, picha hukamilika. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi. Mandera iko mpakani kabisa na Ethiopia na Somalia. Klabu yoyote ya huko inayopanda daraja hutumia basi na pesa kuliko mpira. Hakuna klabu ya Kaskazini Mashariki iliyowahi kutwaa ubingwa wa Kenya. Berlin FC ya Garissa ilipovuma katika mashindano ya vijana ya Chapa Dimba, ilionyesha kwamba vipaji vipo. Haikuonyesha njia ya kuvifikisha mbali.

Hapa ndipo hesabu ya shabiki huwa chungu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Jumla ni karibu milioni 2.5 kati ya Wakenya milioni 47.6, yaani mmoja kati ya kila 19. Kwa kanuni ya vichwa tu, kikosi cha watu 23 kingekuwa na mchezaji mmoja kutoka huko kila kinapotajwa. Soka haigawanywi kwa vichwa kama viti vya bunge, na haifai kugawanywa hivyo. Ila timu inayolia kwamba haina viungo ingekuwa imewatafuta kwanza mahali pote.

Nani alaumiwe? Wengi hukimbilia Shirikisho la Soka la Kenya, na si bila sababu. Lakini Katiba ya 2010 iliyaweka masuala ya michezo na viwanja vya mashinani chini ya kaunti, na serikali hizo zimekuwepo tangu 2013. Uwanja mmoja wenye sehemu tambarare, nyasi bandia zinazovumilia jua na taa za kuongeza saa mbili za jioni ungebadilisha mengi kuliko ziara kumi za maskauti. Nyasi bandia zina kero yake, kwani huchemka mchana. Usiku hupoa.

Jirani wao Isiolo amewapa mfano. Masoud Juma, mzaliwa wa mji huo uliokuwa sehemu ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya enzi za ukoloni, alifunga mabao 17 akiwa na Kariobangi Sharks na kuwa mfungaji bora wa ligi mwaka wa 2017. Alilazimika kuondoka nyumbani ili aonekane, kisha akacheza Afrika Kusini na Algeria. Ni yeye aliyeifunga Zambia mnamo Agosti 17, 2025 na kuipeleka Kenya robo-fainali ikiwa kileleni mwa kundi.

Bao lile lilishangiliwa Garissa kana kwamba Juma ni mtoto wa Bula Iftin. Siku tano baadaye ikaja Madagascar. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja mnamo Septemba 2023, limetajwa tangu wakati huo kila kikosi kinapojadiliwa, na jina la kwanza ambalo shabiki huyo hulitafuta kwenye orodha si la mshambuliaji. Hutazama ni nani amepewa kazi ya kuupokea mpira kutoka kwa mabeki.