Kabla ya Wakanda Kulikuwa na Kapkatet

Umeitazama Black Panther mara ngapi? Usione haya, hapa tuko wenyewe. Ilipotoka mwaka 2018 tulijaa kwenye kumbi za sinema kama tunaoenda harusini, na Kisumu ikaandaa onyesho la kwanza nchini kwa sababu Lupita Nyong'o ni binti wa huko. Mwaka uliofuata filamu hiyo ikanyakua Oscar tatu. Ruth E. Carter alishinda kwa mavazi na Hannah Beachler kwa usanifu wa mandhari, wote wakiwa Wamarekani Weusi wa kwanza kushinda katika vitengo hivyo. Ya tatu ilikuwa ya muziki, na huo muziki ndio unaotuleta kwenye hadithi ya leo.

Mtunzi wake, Ludwig Göransson, ni Mswidi. Alijua hawezi kubuni sauti ya Wakanda akiwa ameketi studioni Marekani. Kwa hivyo akafunga safari hadi Senegal, akazunguka na mwanamuziki Baaba Maal. Kisha akaenda Afrika Kusini, kwenye Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes. Huko alikaa siku kadhaa akisikiliza rekodi za zamani kutoka pembe zote za bara hili.

Sasa sikiza. Kwenye rafu za maktaba hiyo hiyo kuna sauti za wasichana wa Kapkatet.

Ndiyo, Kapkatet hii hii ya Kaunti ya Kericho. Ile unayoipita ukiwa ndani ya matatu kutoka Kericho kwenda Sotik, ukishaacha Litein, majani chai yakiwa kijani pande zote na wewe uko bize na simu. Sidai kwamba wasichana hao walisikika Wakanda. Nasema tu kwamba hazina ambayo Hollywood iliifuata hadi Afrika Kusini, kipande chake kimoja kilitoka kwa shosho zetu.

Ilikuwa mwaka 1950. Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alikuwa akizunguka Afrika na gari lenye mitambo ya kurekodi, akikusanya nyimbo ambazo aliona zitapotea. Ndiye aliyekuja kuanzisha ILAM mwaka 1954. Alipofika Kapkatet, Wakipsigis walimwimbia nyimbo kadhaa kuhusu mtu aitwaye Chemirocha. Uliotia fora uliimbwa na msichana Chemutoi Ketienya pamoja na wenzake, wakisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi inayofanana na nyatiti ya Waluo.

Chemirocha ni nani? Ukilisikia jina haraka utadhani ni jirani yake Chebet na Chepkoech. Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, Marekani! Santuri zake zililetwa na Wazungu, zikachezwa kwenye gramafoni, na watu wa huku wakashangaa: huyu anayepandisha na kushusha sauti namna hii ni binadamu kweli? Jina Jimmie Rodgers likapita kwenye ulimi wa Kipsigis likatoka Chemirocha. Kwa maelezo aliyoandika Tracey, wasichana walimchora Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swara, wakamwalika acheze ngoma ya kuruka hadi nguo zimtoke. Kama ni utani, huo ulikuwa utani wa kiwango cha juu.

Hapa watu wengi hukomea, wakacheka na kusema: tazama Waafrika walivyoshangazwa na gramafoni. Usikomee hapo. Uliza Jimmie Rodgers mwenyewe alitoa wapi muziki wake.

Rodgers, aliyezaliwa 1897, alikulia kwenye reli. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alikuwa akiwapelekea maji wafanyakazi Weusi waliojenga na kukarabati njia za treni, na nyimbo zao za kazi na bluzi zikamwingia damuni. Mwaka 1930 alirekodi wimbo Los Angeles, na aliyepuliza tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, huku mkewe Armstrong, Lil Hardin, akipiga piano. Kwa hivyo sauti iliyofika Kapkatet ilikuwa na uso wa Mzungu, lakini ilikuwa imenyweshwa kwenye kisima cha Weusi. Wasichana wa Kapkatet walipoichukua, wakaikata, wakaishona upya kwa Kipsigis na kuitia chepkong, hawakuwa wakiiga mambo ya Ulaya. Muziki wa Weusi ulikuwa umevuka bahari na kurudi barani kwa mlango wa nyuma, wao wakaufungulia.

Hicho ndicho wasanii Weusi wamekuwa wakifanya kote duniani. DJ wa Bronx alifanya hivyo na santuri za watu wengine, hip hop ikazaliwa. Wewe unafanya hivyo ukichukua mdundo wa amapiano na kuutia Sheng. Wasichana wa Kapkatet walifanya mwaka 1950, bila studio wala meneja.

Lakini tusherehekee tukiwa macho. Kwenye rekodi ile tunalijua jina la Chemutoi. Wenzake je? Wameandikwa tu kama wasichana wa Kipsigis. Wimbo ulizunguka dunia, ukasifiwa na watu ambao hawawezi kuionyesha Kapkatet kwenye ramani, na waimbaji wenyewe wakabaki bila majina.

Wahenga walisema chema chajiuza. Sawa, lakini pesa anapokea nani? Muulize Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi Mbube mwaka 1939, wimbo ukageuzwa kuwa The Lion Sleeps Tonight, ukasikika hata kwenye The Lion King ya 1994. Linda mwenyewe alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilipata mapatano ya fidia mwaka 2006, baada ya kesi.

Kapkatet angalau ilipata kitu: sauti yake ilirudi nyumbani. Zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey kuondoka, ILAM ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, kurudisha rekodi hizo kwa jamii zilizoimba. Walifika na sauti na picha za zamani, wakawatafuta waliorekodiwa na jamaa zao, na wakampata mzee ambaye alikuwa bado hai. Fikiria unaletewa sauti yako ya ujana ukiwa na miaka zaidi ya themanini.

Sheria nayo ipo. Tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua jamii kuwa ndizo wenyewe. Ila sheria haiwezi kuokoa wimbo ambao hakuna tena anayeukumbuka.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, si waziri. Mfukoni una mtambo mdogo kuliko ule wa Tracey na wenye nguvu zaidi. Ukienda ushago Disemba hii, usimalizie data yote kwenye TikTok. Keti na gogo wako baada ya chai, au mpelekee mursik jirani aliyekuwa akiimba harusini enzi zake. Omba ruhusa kwanza. Rekodi. Halafu fanya jambo ambalo mwaka 1950 halikufanywa: andika majina yote. Aliyeimba, waliomwitikia, aliyepiga ala, kijiji, tarehe. Hata yule aliyekuwa akipiga makofi kule nyuma, mwandike.

Usiku huu, kabla hujairudia Wakanda, tafuta Chemirocha kwenye intaneti. Ni wimbo mfupi sana. Utamsikia Chemutoi akiongoza na wenzake wakiitikia. Ukiwa na gogo Kericho au Bomet, mpigie simu umchezee. Huenda akakuambia anawajua wale walioitikia.